Bosi ataka kusimamia simu zetu zote, za kampuni na za mfukoni mwetu. Tujadiliane (uzi mrefu)

laini_mbili:

Salaam wadau, kuna jambo lataka vichwa vingi. Niko kampuni moja ya klia na usafirishaji hapa mjini Mombasa, jina sitaji, mimi ndo mtu wa kompyuta wa ofisi manake printa ikikwama naitwa mimi, kamera zikizima mimi, hata AC ikitona maji mimi. Sasa nimebandikwa na simu za watu.

Kilicholeta haya ni karani wetu wa bandarini, kanyakuliwa simu dirishani mwa matatu pale Makupa. Simu ni yake, kanunua kwa pesa yake, lakini ndani mlikuwa na BL za wateja (hati za mizigo ya meli), nakala za pasipoti na PIN za KRA, picha za kontena na sili zake, na lile grupu la WhatsApp ambalo bei zetu zote zimo. Bosi kaja juu, ati kuanzia mwezi ujao kila simu inayotumika kwa kazi iwekwe MDM na asotaka atafute kazi kwengine. Wafanyakazi nao wamekaa vikao kwenye ngazi, wasema bosi ataka kusoma meseji zao na wake zao. Mimi naona pande zote mbili zimekwenda kombo.

Kwa asojua, MDM ni mfumo wa kusimamia simu kutoka mbali. Wakaa mbele ya kompyuta waamua simu za kazi lazima ziwe na PIN ya tarakimu sita, zisipokee programu kutoka nje ya Play Store, zikipotea uzifunge au uzifute. Microsoft wana yao iitwayo Intune, Google wameiweka ndani ya Workspace, huduma yao ya imeli na faili za ofisi, Samsung wana Knox, iPhone unapitia Apple Business Manager, na iko pia Headwind ambayo toleo lake la msingi ni la bure, waweza kuliweka kwenye seva yako mwenyewe ukiwa na muda na subira.

Tatizo ni kwamba mtu akisikia kusimamia afikiri ni kitu kimoja. Simu ya kampuni, ile imetoka dukani ndani ya boksi, waweza kuiandikisha iwe chini ya kampuni mwanzo mwisho: kwenye skrini ya kwanza ya kukaribisha wagonga mara sita pahali pamoja, kamera yafunguka, waskani msimbo wa QR basi. Hapo kampuni ndo mwenye simu na yaamua programu gani iingie na gani ikae nje. Simu ya mtu binafsi huifanyi hivo, na hata ukitaka Android yakudai uifute kwanza irudi kama mpya, sasa nani atakubali picha za harusi yake zifutwe kwa ajili ya BL za mtu? Ya mtu binafsi yawekwa wasifu wa kazini, umekuweko tangu Android 5.0 ya 2014 na ajabu wengi hawaujui. Simu yagawanyika pande mbili, programu za upande wa kazi zina alama ndogo ya mkoba, imeli ya kazi na faili za kazi zakaa huko, na mimi msimamizi nauona upande huo peke yake. Picha zako sizioni, meseji zako sizioni, umempigia nani sijui, umetafuta nini Google sijui. Ukiacha kazi nafuta upande wa mkoba, wako wabaki ulivyo. Tangu Android 12 hata IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu, ya simu yako binafsi mfumo hauniambii. Kwa iPhone kuna mpango unaofanana na huo ulikuja na iOS 13 mwaka 2019, data ya kazi yakaa kwenye sehemu yake na funguo zake, ukijitoa yafutika hiyo tu.

Kwa hivo rai yangu kwa bosi ni hii: simu za kampuni tuzifunge sawasawa, za watu binafsi tuweke wasifu wa kazini kwa anayekubali, na asokubali apewe simu ya ofisi hata ya bei nafuu, asilazimishwe.

Lakini hayo yote kwangu ni ya pili, la kwanza ni laini. Hebu jiulizeni namba ambayo wateja wa ofisi yenu wanaijua imeandikishwa kwa jina la nani? Kwetu sisi makarani watatu wanatumia namba zao wenyewe, mteja wa Kampala hajui kampuni ina simu gani, amjua fulani. Siku fulani akihamia kampuni ya ng'ambo ya barabara aondoka na mteja, na WhatsApp yote, na kila faili iliyowahi kutumwa, manake WhatsApp imefungwa kwa namba, haikufungwa kwa simu. Waweza kununua MDM ya mamilioni na mteja bado akatuma pasipoti yake kwa namba ya mtu aliyeacha kazi mwaka jana. Laini za kazi ziwe kwa jina la kampuni, ziwekwe WhatsApp Business, na uthibitisho wa hatua mbili uwe na PIN anayoijua mtu zaidi ya mmoja ofisini.

Na bosi kuna muuzaji alimpigia akamjaza maneno ya kufuta simu kutoka mbali, sasa kila saa ni kufuta, kufuta. Amri ya kufuta haifiki mpaka simu ishike neti. Mwizi wa Makupa si mjinga, kabla hajafika Kibarani kashatoa laini na simu kaizima. Kinachokulinda hapo ni kioo kilichofungwa kwa PIN ya maana, kwa sababu Android zilizotoka kiwandani na toleo la 10 kwenda juu data yake imesimbwa tayari, bila PIN hasomi kitu. Sasa mtu ameweka PIN 1234 halafu ataka MDM imwokoe.

Kisha ile laini aliyoitoa aitia kwenye simu nyengine, aanza kuomba zile namba za kuthibitisha za imeli na WhatsApp, zamjia yeye moja kwa moja. Dawa ni PIN ya laini, ipo kwenye mipangilio ya kila simu tangu enzi za mulika mwizi na hakuna aitumiaye. Ukikosea mara tatu yataka PUK, ile namba ya kufungulia laini, PUK ukikosea mara kumi laini imekufa. Na mwenye laini ya Safaricom apige *100*100# ili laini yake isije ikabadilishwa kwa wakala wa mtaani, mpaka aende dukani kwao mwenyewe na kitambulisho. Haya hayagharimu hata shilingi.

Nipeni maoni, haswa waliopitia jambo hili kazini kwao.

dereva_wa_malaba:

Kaka nimekusoma lakini mimi niko upande wa wale wa kwenye ngazi. Naendesha transiti, kontena lina sili ya KRA inayotoa mahali lilipo mpaka mpakani, gari lina trakinga ya tajiri, sasa mwataka ya tatu mfukoni mwangu? Nikishafika Malaba nimeegesha kwenye foleni nimekwenda kula, tajiri apiga simu "mbona uko nje ya gari". Ni mtu mzima mimi, nina wajukuu.

Halafu ile simu tuliopewa mwaka juzi na kampuni nyengine niliyokuwa, walifunga kila kitu, ramani na kupiga simu na kamera ya kupiga risiti basi. Hata redio hamna. Safari ya kutoka hapa mpaka mpakani bila hata qaswida. Na ukiibandika mbele ya kioo cha gari mchana ule wa Maungu na Voi yajizima kwa joto, kisha waambiwa umeizima makusudi.

laini_mbili:

Mzee wangu una haki na hilo la mahali ndo lilinifanya nianzishe uzi. Kwa simu ya kampuni iliyo chini ya MDM yote, ndio, msimamizi aweza kuwasha mahali akiamua. Kwa wasifu wa kazini kwenye simu yako mwenyewe mfumo haunipi mahali ulipo. Lakini programu ya kazi ya kampuni ukiipa ruhusa ya mahali mwenyewe kwenye upande wa mkoba, hiyo ni habari nyengine, usibonyeze kubali kubali tu. Na upande wa mkoba una swichi yake, ukimaliza zamu wauzima, programu za kazi zalala zote mpaka kesho. Wengi hawajui swichi ile ipo.

La joto nakubali, simu ya gari haifai kubandikwa kwenye dashibodi juani, yawekwa kwenye tundu la hewa ya AC kama gari lina AC. Na mtu anayefunga simu ya dereva asiache hata programu moja ya kusikiliza ajua atapata nini: dereva atanunua simu ya pili na ile ya kazi ataiacha kwenye droo ya gari imezimwa. Hapo umesimamia droo.

fundi_bondeni:

Nachangia kama fundi manake hizi simu zikiharibika hamuendi kwa muuzaji wa MDM, mwaja kwetu.

Moja. Katika simu zinazoletwa hapa na ofisi, nyingi si za vioo vilivyovunjika, ni zilizofungwa na akaunti ya mtu aliyeacha kazi. Kampuni yanunua simu, yampa kijana, kijana aingia na Gmail yake, miaka miwili aondoka vibaya, arudisha simu kairiseti kwa vitufe. Ikiwaka yaomba Gmail ile ile. Kinga hiyo Google waliileta na Android 5.1 mwaka 2015 kuzuia wezi na ni nzuri, lakini ofisi yaangukia humo humo. Wananiletea wasema "fundi itoe". Mimi sitoi bila risiti na barua ya kampuni, samahanini, fundi anayekutolea wewe bila kuuliza amtolea na yule wa Makupa. Kila toleo jipya kazi hiyo yazidi kuwa ngumu pia. Laini_mbili akiandikisha simu za kampuni zote mwanzoni kabisa haya hayampati, manake mfumo huo waruhusu kuweka akaunti ya kampuni ndo ifungue.

Pili, hapa sijaona mtu akigusia: simu za mkopo. Nusu ya vijana wenu wa ofisi simu zao ni za kulipa kidogo kidogo kwa siku. Nyingi ya hizo zina programu ya kampuni ya mkopo tayari, ukilala siku bila kulipa yajifunga. Yule ndo msimamizi wa simu na Android haikubali wasimamizi wakuu wawili. Kwa hivo laini_mbili utafika na msimbo wako wa QR simu ikukatalie, wala usimlaumu kijana ati ana kiburi. Na zile za RAM ndogo sana nazo nyengine zakataa wasifu wa kazini, jaribu moja kwanza kabla hujatoa ahadi kwenye mkutano.

Tatu, mkileta simu ya kazi kutengenezwa msinipe PIN yenu kwenye karatasi. Samsung nyingi za sasa zina modi ya ukarabati kwenye mipangilio, Pixel nazo zinayo, ukiiwasha mimi naona simu tupu, najaribu kamera na spika na chaja, picha na faili zako sizioni. Kama kioo kimekufa kabisa hapo sawa, hakuna la kufanya ila ukae ungoje hapa hapa kwenye benchi, chai ipo.

Na ile habari inayozunguka ya kuogopa chaja za hadharani, ati zaiba data, mwaitia chumvi. Tabu ya Mombasa ni mtu kuacha simu yenyewe ikichaji kwa kinyozi akaenda kuswali.

kimya_tu:

Fundi umemaliza 😂 simu yangu mwenyewe ya mkopo na ndo natumia kupokea imeli za ofisi

bi_utumishi:

Nimefanya kazi ya utumishi miaka mingi kwenye hoteli za pwani na sasa niko kwenye kampuni ya bohari Shimanzi. Laini_mbili mdogo wangu, umeongea vizuri ya mitambo lakini karatasi umeziruka, na bosi wako atakwama kwenye karatasi.

Kwanza ile simu ya Makupa, mshatoa taarifa? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 43, data za watu zikifikiwa na asiye na ruhusa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe, Kamishna wa Data aambiwe ndani ya saa 72 tangu mjue. Na wenye data waambiwe pia, isipokuwa kama data ilikuwa imelindwa, kwa mfano kwa kusimbwa, hapo sheria yawapunguzia mzigo. Ndio maana ile PIN unayoisema si mambo ya simu tu, ndiyo itakayoamua kama mwaandikia wateja wote barua ya kuomba radhi au la. Hizo nakala za pasipoti si za kampuni, ni za wateja. Faini yafika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliopita, inayotazamwa ni iliyo ndogo kati ya hizo. Na msidhani ni ya kampuni kubwa tu, Septemba 2023 ofisi ile ilitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa picha za wanafunzi zilizowekwa hadharani bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya starehe 1,850,000 kwa picha ya mteja. Picha, jamani. Na karani wenu simu imejaa picha.

Pili hilo la "asotaka aache kazi". Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu faragha, pamoja na faragha ya mawasiliano yake, na sheria ya data yataka ridhaa iwe ya hiari. Ridhaa ya mtu unayemshikia mshahara ni ridhaa gani? Bosi asiegemee hiyo. Aegemee sababu ya kazi iliyo wazi, achukue kile kinachohitajika tu, na aandike. Ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, si ile sera ya kurasa arobaini iliyonakiliwa kutoka Uingereza ambayo hata mwenye kuiandika hajaisoma. Useme kampuni yaona nini, haioni nini, yaweza kufuta nini, nani ana ruhusa ya kubonyeza kufuta, na simu ikipotea mtu ampigie nani hata kama ni saa nane za usiku.

Hilo la mwisho mlitilie mkazo sana. Nimeona wafanyakazi wakificha simu iliyopotea siku tatu nne kwa kuogopa kukatwa mshahara. Ukimkata mtu pesa kwa kuibiwa hatakwambia, na wewe saa zako 72 hata hujui zaanza lini. Mimi kwangu anayeripoti ndani ya saa moja hakatwi kitu, na tangu tuandike hivyo napigiwa hata kabla ya polisi.

Tatu, siku ya mtu kuondoka. Karatasi ya kuondokea wengi huandika laptopu, funguo, kadi ya geti. Ongeza laini, ongeza kutolewa kwenye magrupu, ongeza vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp ya kazi, manake WhatsApp yakubali kuunganishwa na vifaa vyengine mpaka vinne na mtu aweza kurudisha simu huku kompyuta ya nyumbani kwake bado yasoma kila kitu.

ukweli_mchungu:

Mwabembeleza sana watu. Kampuni yalipa mshahara, kampuni yaamua. Kama hutaki simu yako iguswe usiitumie kwa kazi. Kule Ulaya mtu apewa simu asubuhi anatia saini anakaa kimya. Sisi Waswahili kila kitu mdahalo.

laini_mbili:

Shekhe hapo hapo, wajua umesema "apewa simu". Hao makarani hawakupewa. Wameambiwa watumie zao, bando lao, chaji yao, halafu tuje tuwawekee masharti. Kampuni ikitaka mamlaka yote na inunue. Nshapiga hesabu: Microsoft 365 ile ya Business Premium yenye Intune ndani bei yao ya orodha imekuwa dola 22 kwa mtu kwa mwezi. Sisi tushakuwa na Workspace ile ndogo na humo tayari usimamizi wa msingi upo, naweza kulazimisha kioo kifungwe na naweza kutoa akaunti ya kazi kwenye simu ya mtu bila kugusa chake. Usimamizi wa juu ndo wataka kupanda mpaka Business Plus. Kwa hivo twaanza na tuliyo nayo, hela zinazobaki zinunue simu za makarani wa bandarini na laini za kampuni. Simu zenyewe si lazima ziwe za kifahari, natazama itapata masasisho ya usalama mpaka lini. Galaxy A16 iliyotoka 2024 Samsung waliahidi miaka 6, kuna simu nyengine za bei hiyo hiyo hupati hata miwili.

@bi_utumishi dadangu ahsante sana, la saa 72 nimelipeleka kwa bosi jana hiyo hiyo na alinyamaza kidogo. Taarifa inaandikwa.

ukweli_mchungu:

Sawa la simu kupewa nimekubali. La mdahalo sijakubali.

mama_kongowea:

Samahani naingilia, mimi sina ofisi nina duka la jumla Kongowea, simu ya duka ni moja na till ya kupokea malipo iko humo, msichana wa asubuhi na kijana wa jioni wote waitumia. Mimi nifanyeje, hayo ya MDM sijayaelewa hata kidogo

fundi_bondeni:

Mama wewe MDM huihitaji. Kwanza simu ya till isiwe ile yako ya nyumbani, watoto wasiichezee. Iwe na PIN ya kioo na PIN ya laini, andika PUK uiweke nyumbani kabatini, si kwenye droo ya duka. PIN ya kutoa pesa kwenye till iwe yako peke yako, vijana wao wataka tu kuona malipo yameingia. Uliza Safaricom wawaandikishe kama wahudumu wa till kila mmoja kwa namba yake, hapo kukitokea jambo wajua ni zamu ya nani. Na Android ina kitu cha kubandika skrini, wabandika programu moja na simu haitoki hapo mpaka uweke PIN, wakizubaa wakaenda TikTok haiendi. Ukiwa huku Bondeni pita nikuonyeshe, ni dakika tano.

Na waambie vijana hivi: mtu akipiga ajiita mhudumu wa kampuni ya simu akasema "soma namba iliyoingia hapo", wakate. Hata akijua jina lako na namba ya till, wakate.

mama_kongowea:

Alhamdulillah ahsante mwanangu, ntapita Jumamosi

dereva_wa_malaba:

Laini_mbili nina swali moja tu na unijibu kweli. Simu ya tajiri mwenyewe nayo itawekwa?

kimya_tu:

😂😂😂 mzee amepiga kwenye mshono

laini_mbili:

Mzee wangu umenipata. Amesema yake iachwe kwa sasa, ati yeye ndo mwenye kampuni atajiibiaje.

bi_utumishi:

Basi hiyo ndiyo ya kuanzia. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo ya benki kwa simu, yeye ana imeli za mawakala wa meli wote, na yeye ndiye anayemwachia mtoto simu achezee gemu kwenye foleni ya feri, nimewaona wengi. Tapeli akitaka kumdanganya mhasibu wako hajifanyi karani, ajifanya bosi: "nitumie pesa haraka kwa akaunti hii mpya, niko kwenye mkutano usinipigie". Akiipata ile simu imefunguliwa hata kujifanya hahitaji. Na wafanyakazi wakiona yake imeachwa, hiyo karatasi yako hakuna atakayeitia saini kwa moyo mkunjufu.

laini_mbili:

Yeye ana iPhone. Nimewaza nisimwambie MDM kabisa, nimwambie tu tuwashe ile kinga ya kifaa kilichoibwa iliyokuja na iOS 17.3, kwamba hata mwizi aliyeiona PIN yako hawezi kubadilisha paswodi ya Apple bila uso wako akiwa nje ya nyumbani au kazini, na ya pili malipo ya akaunti mpya mhasibu lazima ampigie kwa sauti kwanza, hata kama meseji imetoka kwa namba yake. Wasifu wa kazi tutauweka wiki inayofuata pamoja na wengine, mbele yao, kwenye mkutano ule ule.

bi_utumishi:

Kwenye mkutano iwe ya kwanza kuwekwa. Na kwenye hiyo karatasi usisahau bando, nani alipa.

laini_mbili:

Bando la laini za kazi ni la kampuni, hilo alikubali bila vita. Kioo kikivunjika kazini kampuni, kikivunjika kwengine mwenyewe. Simu ikianguka majini kwenye feri bado twabishana.

dereva_wa_malaba:

Na redio?

laini_mbili:

Redio ipo mzee. Na qaswida nimeiweka kwenye orodha.